Mimi nimepata milimita 4, mwenzangu kapata 6, jino ni lilelile: kosa la probu au la mkono?

KiooNaProbu aliandika:

Wakuu, habari za kazi. Kuna jambo limenikosesha usingizi tangu juzi. Naomba wenye uzoefu wanisaidie, hasa ninyi mnaopima fizi kila siku.

Mimi ni tabibu wa meno, nina miezi minane kazini. Wiki mbili zilizopita alikuja mama mmoja wa makamo, fizi zinamtoka damu kila akipiga mswaki. Nikampima mdomo mzima kwa probu, kile kijiti chembamba chenye alama za milimita kinachoshushwa kati ya ufizi na jino kupima kina. Kwenye jino la 36, lile gego kubwa la kwanza la chini kushoto, upande wa ulimi kwenye kona ya nyuma, nikaandika 4. Nikampangia siku ya kurudi kukwanguliwa ugaga. Aliporudi nilikuwa na mgonjwa mwingine, akapokelewa na mwenzangu aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi. Kabla ya kuanza akapima upya, na palepale nilipoandika 4 yeye akatamka 6. Mama akasikia. Siku hiyo alikwanguliwa upande wa kulia tu, kushoto kukaachwa kwa safari ijayo. Alipotoka akanifuata, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, ugonjwa umekula milimita mbili ndani ya wiki mbili?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia nitamrudia, na mpaka leo sijamrudia.

Mwenzangu hakunisema vibaya. Alisema tu "hiyo ni sita" akaendelea na kazi. Lakini nimekaa na chati zote mbili mezani nikizilinganisha namba kwa namba. Mama ana meno 28, kwa hiyo ni sehemu 168. Sehemu zaidi ya thelathini mwenzangu amenizidi kwa milimita 1, na sehemu tano amenizidi kwa 2. Hakuna hata moja niliyomzidi mimi. Ingekuwa ni kupepesa macho tu, tungepishana huku na huku. Hii imeegemea upande mmoja, na ndiyo inayonitisha.

Probu yangu ni ile nyepesi yenye kipira kidogo kwenye ncha na mkanda mweusi. Yake ni nyembamba, ina mistari mingi hadi 15. Mimi nashika kwa wepesi sana kwa sababu chuoni nilikemewa nikimuumiza mgonjwa, na tangu siku hiyo mkono wangu unaogopa. Yeye anashuka kwa uhakika.

Naomba kujua: niamini probu ipi? Nzito kiasi gani ndiyo nzito inayotakiwa? Na ncha ikisimama katikati ya mistari miwili, mnaandika namba gani?


MzeeWaKiti alijibu:

Mdogo wangu, pole, na hongera kwa kukaa na chati mbili mezani. Wengi wakipishana wanachukua namba ya mkubwa, wanafuta ya mdogo, mambo yamekwisha. Hilo uliloliona mwenyewe, kwamba tofauti imeegemea upande mmoja, ndilo lenye thamani kuliko yote uliyoandika. Maana yake kuna sababu, na sababu inatafutika.

Tuanze na chombo. Yako ni probu ya WHO. Kipira cha nchani kina kipenyo cha milimita 0.5, mkanda mweusi unaanzia 3.5 na kuishia 5.5. Nyingine zina alama za ziada kwenye 8.5 na 11.5. Ilibuniwa kwa kuchuja watu, kujua nani anahitaji kupimwa kwa kina na nani hahitaji. Mkanda wote ukibaki nje, mfuko, yaani ule mwanya kati ya ufizi na jino, haujafika 3.5. Ukizama kiasi, mfuko uko kati ya 3.5 na 5.5. Ukimezwa wote, umevuka 5.5. Probu hiyo inajua kusema maneno hayo matatu tu. Uingereza wanaitumia hivyohivyo: wanagawa mdomo mafungu sita na kila fungu linapewa alama kuanzia 0 hadi 4, kwa kuangalia jinsi mkanda ulivyozama, damu na ugaga.

Sasa nikuulize: ulipoandika 4, uliisoma wapi? Hakuna mstari wa 4 kwenye probu hiyo. Uliona mkanda umezama kidogo ukakadiria. Ingeweza kuwa 4, ingeweza kuwa 5. Chombo kilipewa kazi isiyo yake, na tangu hapo chati yako ya sehemu 168 ilikuwa na makadirio yaliyovaa nguo za vipimo.

Ya mwenzako, kwa maelezo yako, ni UNC-15. Ina mstari kila milimita kuanzia 1 hadi 15, na imepakwa rangi kati ya 4 na 5, kati ya 9 na 10, na kati ya 14 na 15, ili jicho lisipotee. Kwa chati ya mdomo mzima hiyo ndiyo ninayoitumia. Siku moja utakabidhiwa probu ya Williams, ambayo ipo tangu 1936. Hapo uwe macho. Mistari yake ni 1, 2, 3, 5, 7, 8, 9, 10. Ya 4 na ya 6 imeachwa kwa makusudi ili usomaji uwe rahisi. Nimeona wanafunzi wakihesabu mistari kwa vidole, "moja, mbili, tatu, nne", na kuandika 4 mahali penye 5, na mstari wa tano wakauita 5 ilhali ni 7. Hiyo si tofauti ndogo. Marquis nayo ina mikanda ya 3, 6, 9 na 12. Inaonekana vizuri hata kwenye mwanga hafifu, lakini katikati ya mikanda unarudi kwenye kukadiria.

Nikija kwenye mkono, nadhani hapa ndipo penye nusu ya tatizo lako. Nguvu inayokubalika ni kama gramu 20 hadi 25. Mtu hawezi kuijua kwa kuambiwa, lazima mkono uijue. Tafuta mizani ndogo ya kidijitali inayosoma gramu. Shika probu kama unavyoshika mdomoni, kidole cha pete kikiwa kimeegemea kitu, bonyeza ncha juu ya mizani huku umefumba macho. Ukihisi "hivi ndivyo ninavyopima", fumbua usome. Fanya mara ishirini. Mwombe na mwenzako afanye, tena kwa adabu, mwambie unataka mikono yenu ifanane. Nina hakika kwa kiasi kikubwa kwamba wewe uko chini ya 15, na sitashangaa yeye akiwa juu ya 30.

Uzito una athari kwa sababu sakafu ya mfuko si jiwe. Ufizi wenye afya unaikamata ncha kabla haijafika mwisho wa pale ngozi yake ilipojishika kwenye jino. Ufizi uliovimba umelegea, unaiachia ncha ipite hadi kwenye nyama ya chini. Kwa hiyo mdomo uleule, probu ileile, mkono mzito utasoma kina zaidi, na utakizidisha hasa palipo na uvimbe mwingi. Ndiyo maana siku hizi sisemi kwamba tunapima kina cha mfuko. Nasema tunapima mahali ncha iliposimama.

Mwelekeo nao usiusahau. Magego ya chini yanalalia upande wa ulimi, na probu inatakiwa iende sambamba na mzizi, kwa hiyo mpini lazima ufuate ule mlalo. Ukifika kwenye kona ambako 36 inagusana na 37, gego la nyuma yake, egemeza probu kwenye jino, kisha ilaze kidogo tu ili ncha iingie chini ya pale meno yanapogusana. Mfuko mrefu kwa kawaida umejificha pale. Ukiishia kwenye kona bila kulaza, unaukosa. Ukilaza kupita kiasi, unapima mstari wa mshazari na namba inakua. Na usichomeke mara sita ukaondoka. Tembeza: panda na kushuka kwa hatua za milimita moja kuzunguka jino, ncha isitoke nje ya ufizi, na katika kila theluthi andika namba kubwa uliyokutana nayo.

Kuhusu ncha ikisimama kati ya mistari, hapa kwetu tunapandisha. Kati ya 4 na 5 tunaandika 5. Wengine wana utaratibu mwingine. Chumba kimoja kiwe na kanuni moja, na iandikwe ukutani.

Nikusimulie lililonipata. Mwaka wangu wa tatu kazini nilimpima mwanamume mvuta sigara. Fizi zake ngumu, rangi ya waridi, hazitoi damu. Nikasoma 3-3-3, 3-2-3, mdomo karibu wote. Nikamwambia fizi zako nzima. Baada ya muda akapigwa eksirei kwa sababu ya jino lililokuwa linauma, na mfupa kwenye magego ulikuwa umeshuka karibu nusu ya mzizi. Nilirudi na probu na mikono inatetemeka. Kumbe kila nilipokuwa nasimama, nilikuwa nasimama juu ya ugaga. Ulikuwa umejenga rafu chini ya ufizi, ncha inatua juu yake, nami naandika 3. Ukiivuta ncha nje kidogo, ukaizungusha rafu na kuishusha tena, inakwenda 7. Na damu haikuniamsha kwa sababu sigara inaficha damu. Mtu yule alipoteza magego mawili. Tangu siku hiyo nikisimama kwenye kitu kigumu chenye mikwaruzo, sikubali kwamba ni mwisho mpaka nimekizunguka.

Mama wa watu mrudie leo. Mwambie ukweli: mfuko haujakua, nyinyi wawili mlipima kwa vyombo viwili na mikono miwili, na mtapima pamoja mbele yake.


FundiWaVifaa alijibu:

Mimi si tabibu, kazi yangu ni kuosha na kutakasa vifaa. Kabla hamjalaumu mikono, zichukueni probu zenyewe mziweke kwenye rula ya chuma chini ya kioo cha kukuzia. Nimeshazipanga probu mpya za aina moja sambamba nikaona mistari yake haikai mahali pamoja. Za zamani zimepitia otoklevu, ile mashine ya kutakasa kwa mvuke, kwa nyuzi 134 mara nyingi mno, rangi ya mkanda imefifia kwenye kingo, na mkanda uliofifia unamdanganya msomaji kuhusu pale unapoanzia. Nyingine zimepinda nchani kwa sababu mtu alikwangulia ugaga. Probu haikwangui ugaga, tafadhali sana. Ikishapinda iondoeni kwenye trei, msiinyooshe kwa koleo.


SautiYaMgonjwa aliuliza:

Samahani kwa kuingilia, mimi ni mgonjwa tu lakini mada hii inanihusu. Nikilala kwenye kiti namsikia daktari anamtajia msaidizi wake: "tatu mbili tatu, nne damu, tatu, tano damu". Najaribu kuhesabu lakini napotea. Hizo namba zinakwendaje? Na kile kitu kinachodungadunga hakinichani ufizi kweli? Damu nilizotema siku ile ziliniogopesha.


MzeeWaKiti alijibu:

Karibu sana, hujaingilia. Kila jino linapimwa sehemu sita: tatu upande wa shavu na tatu upande wa ulimi au kaakaa. Kwa kila upande namba ya kwanza ni kona moja, ya pili ni katikati, ya tatu ni kona ya pili. Kwa hiyo "tatu mbili tatu" ni upande mmoja wa jino moja. Moja hadi tatu bila damu, kaa kwa amani. Nne na kuendelea ni mahali ambapo mswaki wako haufiki na sisi tunatakiwa tupashughulikie. Na "damu" inatajwa kwa sababu ni taarifa. Probu ina ncha butu, ufizi mzima ukiguswa kwa gramu 20 hautoki damu. Uliotoka damu ulikuwa na uvimbe tayari. Tunasubiri sekunde kadhaa baada ya kupitisha ncha, damu ikichomoza tunaweka nukta nyekundu kwenye chati. Sehemu isiyotoa damu kila inapopimwa, miadi baada ya miadi, ndiyo inayonipa usingizi kuliko namba ndogo peke yake.

Kama una maumivu makali wakati wa kupimwa, inua mkono. Kuna fizi zilizovimba kiasi kwamba tunapima baada ya ganzi, hakuna ushujaa wowote katika kuvumilia. Na kama una tatizo la moyo, hasa vali ya kupandikizwa, sema kabla probu haijaingia mdomoni.


PandaZaMizizi alijibu:

Nakubaliana na Mzee karibu yote, ila naongeza mawili, na moja ni la kumpinga kidogo.

La kwanza, dada KiooNaProbu, umetaja kina tu. Ukingo wa ufizi ulikuwa wapi? Kina kinapimwa kuanzia ukingo wa ufizi, na ukingo unahama. Ukivimba unapanda, ukipona au ukisuguliwa unashuka. Kisichohama ni pale enameli inapokutana na mzizi. Kwa hiyo unapima namba ya pili: kutoka makutano hayo hadi ukingo wa ufizi. Chukua meno mawili. La kwanza lina kina cha 6, lakini ufizi umevimba na umepanda milimita 2 juu ya makutano. Shikizo lililopotea, yaani urefu wa mzizi ambao ufizi umeacha kuushika, ni 4. La pili lina kina cha 4 tu, ila ufizi umeshuka na mzizi unaonekana kwa milimita 3. Lililopotea ni 7. Mgonjwa aliyesikia "sita" na "nne" anaogopa jino la kwanza, kumbe lililoumia zaidi ni la pili. Uainishaji wa magonjwa ya fizi uliotoka 2018, baada ya mkutano wa wataalamu wa 2017, unapanga hatua za ugonjwa kwa kuanzia hapo: milimita 1 hadi 2 zilizopotea kati ya meno ni hatua ya kwanza, 3 hadi 4 ya pili, 5 na kuendelea ni ya tatu au ya nne. Chati yenye kina pekee haiwezi kukupa hatua.

Tena hilo ni gego la chini. Lina mizizi miwili, na panda yake, pale mizizi inapoachana, ina mlango upande wa shavu na mlango upande wa ulimi. Probu iliyonyooka haiingii vizuri pale. Chukua ya Nabers, ile iliyojikunja, uingize kwa ubavu. Ikiingia chini ya milimita 3 ni daraja la kwanza, ikizidi 3 bila kutokea ng'ambo ni la pili, ikitokea ng'ambo ni la tatu. Mfuko wa 5 wenye panda iliyofunguka na mfuko wa 5 usio nayo una matarajio tofauti kabisa.

Na hapa nampinga Mzee. Amekupeleka kwenye mizani, ni sawa, lakini mkono unasahau. Nilipokuwa masomoni nilitumia Florida Probe kwa muhula mzima. Ncha inasukumwa na springi kwa nguvu isiyobadilika, gramu 15. Unakanyaga pedali, namba inaingia kwenye kompyuta yenyewe, hadi sehemu ya kumi ya milimita. Hakuna msaidizi wa kusikia "sita" akaandika "saba", hakuna karatasi ya kupotea. Pihlstrom alipozipanga probu kwa vizazi mwaka 1992 aliziweka hizo katika kizazi cha tatu: cha kwanza ni hizi za mkono, cha pili ni zenye nguvu iliyodhibitiwa lakini unasoma kwa macho, cha tatu zinasoma na kuandika zenyewe. Kwa mtu mwenye wasiwasi na mkono wake, ningesema kizazi cha pili au cha tatu kingempa utulivu.


MzeeWaKiti alijibu:

Nimekuelewa, na kwenye namba ya pili nakushukuru, nilipaswa kuanza nayo. Kwenye Florida nitakuachia nusu. Springi inadhibiti uzito. Haidhibiti mahali wala mlalo, na haijui kuzunguka rafu ya ugaga. Mimi nikiitumia nilikosa ile hisia ya vidole, ule mkwaruzo unaokuambia "hapa si mwisho". Yule mvuta sigara wangu, mashine ingemwandikia 3.2 badala ya 3. Ila kwenye kuandika una haki kabisa. Mapungufu mengi niliyoyaona hayakutokea mdomoni, yametokea kati ya mdomo wa mpimaji na kalamu ya msaidizi.


PandaZaMizizi alijibu:

Hiyo 3.2 nimeipokea, Mzee. Basi dada, kama una msaidizi anayeandika, mfundishe akurudishie kila namba kwa sauti. Wewe unasema "tano, tatu, nne", yeye anajibu "tano, tatu, nne". Na njia iwe moja siku zote. Mimi naanzia 18, la mwisho juu kulia, upande wa shavu hadi 28, la mwisho juu kushoto, narudi kwa kaakaa, kisha nashuka chini. Jino lililong'oka lifutwe kwenye chati kabla hujaanza, la sivyo namba zote zinasogea jino moja na hakuna atakayejua.


KiooNaProbu alijibu:

Nimerudi, na nina mengi. Samahani kwa kimya cha siku kumi.

Nilianza na mizani. Nilipiga mara ishirini kama Mzee alivyosema. Zangu zilicheza kati ya gramu 8 na 13. Nilishtuka. Ule woga wa chuoni unaonekana kwa namba kabisa. Nikamwendea mwenzangu na kumwomba ajaribu, nikamwonyesha na zangu kwanza. Alikubali bila neno. Zake 35, 38, mara moja 42. Tukatazamana. Tulikaa saa nzima baada ya kazi tukibonyeza mizani mpaka wote wawili tukawa tunatua kati ya 20 na 25 tukiwa tumefumba macho. Sasa tunafanya hivyo kila Jumatatu asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza.

Probu nazo tulizipima kwenye rula. Yangu mkanda umefifia upande wa chini karibu nusu milimita. Imeondolewa. Tumebaki na UNC-15 mbili ambazo mistari yake inalingana, na WHO nyingine nzima kwa ajili ya kuchuja wagonjwa wapya tu.

Mama alikuja kwa upande wa kushoto. Nilimweleza kila kitu kabla hajalala kwenye kiti, kwamba hatudhani ugonjwa umekua, na kwamba leo tutampima wote wawili, mmoja akiwa nje ya chumba. Alicheka akasema pimeni tu. Kwenye kona ile ya nyuma ya 36 mimi nikapata 5. Mwenzangu akaingia, akapata 6. Akaniita, akanishika mkono na probu ikiwa mdomoni: "Sikia hapo." Changarawe. Nilikuwa nimetua juu ya ugaga. Akanielekeza niitoe ncha nje kidogo, niizungushe, nishuke, na ikazama hadi 6 bila kusukuma. Kwa hiyo 6 yake ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Lakini kwenye zile sehemu nyingine nne alizonizidi kwa 2, mbili zilishuka zikakaa katikati yetu alipopunguza uzito, na ni sehemu zilizokuwa zimevimba sana. Aliziandika upya mwenyewe kwa kalamu yake.

Ukingo wa ufizi kwenye kona ile ulikuwa milimita 1 juu ya makutano, kwa hiyo kilichopotea ni 5. Panda upande wa ulimi, daraja la kwanza. Vyote nimeviandika, na juu ya chati nimeandika jina la probu, kanuni ya kupandisha, na nani amepima.

Nitarudi hapa baada ya wiki nane tukimpima tena.


MzeeWaKiti alijibu:

Mwambie mwenzako nimemwamkia. Ukimpima baada ya wiki nane, pima na ukingo pia, usikimbilie kina. Na tofauti ya milimita 1 usiisherehekee wala usiililie, hiyo ipo ndani ya kupishana kwa mkono uleule.


KiooNaProbu alijibu:

Wiki nane zimetimia, nimempima leo asubuhi. UNC-15 ileile, mizani kwanza.

Jino la 36 upande wa ulimi: kona ya mbele 3, katikati 2, kona ya nyuma 4. Upande wa shavu 3-2-3. Damu sehemu moja tu, ileile kona ya nyuma, na ilichukua muda kuchomoza. Ukingo pale umeshuka, sasa uko sawasawa na makutano. Kwa hiyo zile milimita 2 zilizopungua, 1 ni ufizi uliokuwa umevimba kurudi chini, na 1 ni ncha kukamatwa mapema zaidi kuliko kabla. Kilichopotea sasa kinasomeka 4. Sikumwambia kwamba mfupa umerudi, kwa sababu sikuupima mfupa. Nilimwambia ufizi umekaza. Panda bado daraja la kwanza, na tumempa kibrashi cha kupitisha kati ya meno kwa ajili ya kona hiyo, nikamwonyesha kwa kioo mpaka akaweza mwenyewe.

Mwenzangu alipima baada yangu bila kuiona chati. 3-2-4.

Mama aliomba nimwandikie namba za jino hilo kwenye kikaratasi, za mwanzo na za leo. Nikamwandikia zote, na ile 4 yangu ya kwanza nikaiweka pia, nikaandika pembeni yake: probu nyingine, mkono mwepesi. Amekikunja akakitia kwenye pochi. Miadi yake ni baada ya miezi mitatu.